Baba Neema katoka jeshini, sasa chuo kinamshinda. Nimwache akaendeshe lori?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Texas na mume wangu. Sote ni watu wa Kilimanjaro. Yeye alishinda bahati nasibu ya green card akaja Marekani mwaka 2013, mimi nikamfuata baada ya ndoa. Alianza kwa kubeba mizigo ghalani Dallas kama wengi wetu. Mwaka 2015 akajiunga na jeshi, na uraia akaupata akiwa humo humo. Kazi yake ilikuwa udereva wa malori makubwa. Mwaka 2019 alipelekwa Afghanistan, na 2024 akatoka na cheo cha sajenti, karatasi zake zote safi.

Agosti iliyopita akaanza chuo kikuu cha serikali hapa tunapoishi, anasomea uhandisi wa ujenzi. Ada inalipwa na GI Bill, ule msaada wa masomo kwa waliotoka jeshini, na kuna posho ya nyumba kila mwezi. Mimi natunza wazee zamu za usiku. Tulipiga hesabu ya posho na mshahara wangu tukaona tutamudu.

Wiki za kwanza alikuwa anafika darasani kabla ya kila mtu. Saa kumi na moja alfajiri ameshaamka, nguo alishapiga pasi usiku, kila somo lina daftari lake na rangi yake. Kisha manung'uniko yakaanza. Wenzake wana miaka 18, 19. Wanaingia na vikombe vya kahawa profesa ameshaanza, wanachezea simu, na hakuna anayewakemea. Kwenye kazi ya kikundi yeye alimaliza sehemu yake siku kadhaa kabla, wenzake wawili wakatuma zao usiku wa manane siku ya mwisho, nyingine haijaisha, na wote wakapewa alama moja. Hilo lilimkaa moyoni. Insha ya Kiingereza akapata C. Profesa alimwandikia pembeni kwamba ameorodhesha mambo yote sawasawa lakini hajasema yeye mwenyewe anafikiri nini. Alinionesha karatasi, akaniuliza, "Miaka yote hii nani kaniuliza nafikiri nini?" Hesabu ndiyo usiseme, mara ya mwisho kuzigusa ni kidato cha nne.

Kilichomvunja ni Oktoba. Kijana mmoja wa kikundi chake alipogundua kwamba alikuwa jeshini akamwuliza mbele ya wenzake, huku anacheka, ameshaua watu wangapi. Mume wangu hakujibu. Alifunga begi akatoka, na darasa lile hakurudi tena. Kuna rafiki yake waliyetoka naye mafunzoni ambaye hakurudi nyumbani, na mimi mwenyewe habari hiyo niliambiwa na mtu mwingine. Wiki iliyofuata aliingia kwenye kompyuta akajiondoa katika masomo mawili kati ya manne. Hakuniambia. Nimekuja kujua Desemba, barua ya VA, idara ya serikali inayohudumia maveterani, yaani waliotoka jeshini, ilipofika ikisema tunadaiwa dola elfu mbili na zaidi, na posho imesimama. Kodi ya nyumba ya Januari tumelipa kwa kadi ya mkopo.

Masikio yake nayo yanalia, hasa la kushoto. Kwenye ukumbi mkubwa maneno mengi yanampita. Nikimwambia akaombe msaada ananijibu kwamba yeye si mlemavu.

Mama mkwe anapiga simu kila Jumapili kuuliza paa la nyumba litaezekwa lini, kwake mwanawe bado ni askari wa Marekani. Shemeji anasema mwanamume wa miaka 36 mwenye mtoto hakai dawati moja na watoto. Anasema hiyo GI Bill ampe Neema, yeye akaendeshe lori la masafa marefu kama wenzake wanaojenga huko nyumbani. Sasa na mume wangu mwenyewe ameanza kusema hivyo hivyo.

Nimejaribu kumpangia ratiba, kumwamsha, kumwangalizia kazi zake za chuo kwenye simu. Tunaishia kugombana. Siku hizi akirudi anakaa nje ndani ya gari, taa zimezimwa, hata saa nzima, halafu anaingia kulala. Juzi tulipokuwa tunabishana habari ya pesa alisema, "Bima yangu ingewafaa zaidi kuliko mimi." Baadaye akaomba radhi, akasema zilikuwa hasira tu.

Nifanye nini, Mwalimu? Nimwache aache chuo?

Mama Neema, Texas

—

Marahaba, Mama Neema.

Barua yako ina mambo mengi, na mengi yake yana ufumbuzi. Ila nitaanza na sentensi uliyoiweka karibu na mwisho kana kwamba inapita tu: ile ya bima. Usikubali kwamba zilikuwa hasira. Mwanamume aliyezoea kubebwa na kazi yake na kubeba wengine, anapoanza kujipima kwa pesa ambazo kifo chake kingeleta, hayo ni maneno ya kusimamisha kila kitu kingine.

Leo au kesho, wakati hamjagombana, kaa naye. Kama yuko kwenye gari, fungua mlango wa abiria ukae. Mwulize kwa maneno yasiyozunguka: "Baba Neema, unafikiria kujiua?" Najua kwetu swali hilo ni zito kulitamka, tunaogopa kuita balaa. Kuuliza hakumwekei mtu wazo kichwani. Aliye nalo mara nyingi hupumua akiona kuna mtu anayeweza kulisikia. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutia hofu, usimwache peke yake. Pigeni 988 kisha bonyeza 1, hiyo ni simu ya dharura ya maveterani, inapokelewa usiku na mchana. Ujumbe wa maandishi hutumwa 838255. Na wewe kama mke unaweza kupiga hata yeye akikataa, watakuelekeza. Hatari ikiwa ya papo hapo, ni 911.

Hukuniambia kama mna silaha nyumbani. Mko Texas na yeye katoka jeshini, kwa hiyo nauliza. Kama ipo, zungumza naye iwekwe chini ya kufuli, risasi zikae mahali pengine, au ipelekwe kwa rafiki anayemwamini mpaka kipindi hiki kipite. VA hutoa kufuli za bunduki bure, hata bila kuulizwa maswali mengi. Mwambie ni kwa ajili ya Neema na kwa ajili yake, usimfiche.

Baada ya hapo, tafuteni Vet Center iliyo karibu nanyi. Hizi ni ofisi ndogo za ushauri nasaha zilizoanzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya waliorudi kutoka vita vya Vietnam, na sasa ziko zaidi ya 300 nchi nzima. Aliyetumikia Afghanistan anapokelewa bila malipo. Faili lake linabaki pale, haliendi hospitali ya VA bila saini yake, na washauri wengi ni watu waliovaa sare wenyewe. Wewe pia unapokelewa. Nenda hata kama yeye hajawa tayari. Mke anayefanya zamu za usiku huku akimlinda mumewe mchana anahitaji mtu wa kuongea naye.

Sasa tuje kwenye deni, kwa sababu nadhani ndilo lililomsukuma akajiona hana thamani, na kumbe linaeleweka kabisa.

GI Bill mnayotumia ni ile ya baada ya 9/11, iliyopitishwa mwaka 2008 na kuanza kulipa Agosti 2009. Posho yake ya nyumba hulipwa ikiwa mwanafunzi anasoma zaidi ya nusu ya mzigo kamili. Kwa shahada ya kwanza mzigo kamili kwa kawaida ni krediti 12 kwa muhula, yaani masomo manne ya krediti tatu tatu. Alipotoa mawili akabaki na sita. Sita ni nusu kamili, na nusu kamili haihesabiwi. Angebaki na krediti saba, sehemu ya posho ingeendelea kuingia. Hakuna aliyemwambia hivyo kabla hajabonyeza kitufe, na kitufe chenyewe hakitoi onyo. Ningependa kila chuo kinachopokea pesa za maveterani kiweke onyo hapo.

Kuna kanuni ambayo wengi hawaijui. Mara ya kwanza veterani anapojiondoa kwenye masomo yasiyozidi krediti sita, VA huchukulia kwamba alikuwa na sababu nzito, bila kumtaka ailete kwa ushahidi. Maana yake ni kwamba analipwa hadi siku aliyoacha kuhudhuria. Bila kanuni hiyo, wanaweza kumdai tangu siku ya kwanza ya muhula. Ni ya mara moja tu, na mume wako ametoa krediti sita hasa. Kwa hiyo nendeni kwa yule afisa wa chuo anayethibitisha usajili wa maveterani kwa VA. Kila chuo kinachopokea GI Bill kinaye, kwa kawaida anakaa ofisi ya msajili au ofisi ya maveterani. Mwulizeni mambo mawili, na jibu aliandike kwa barua pepe: kujiondoa kuliripotiwa kwa tarehe gani, na je, kanuni ya krediti sita ilitumika? Tarehe ikiwa na makosa, deni nalo lina makosa.

Na barua ya VA ijibiwe. Unaweza kulipinga deni, kuomba ulipe kidogo kidogo, au kuomba usamehewe kwa sababu ya hali ya nyumbani. Ukijibu ndani ya siku 30 tangu barua ya kwanza unakuwa umejikinga na mengi. Kama siku hizo zimeshapita, bado jibuni, maana wakiona kimya watakata malipo yake yajayo mpaka deni liishe.

Halafu jambo hili la Januari. Hata kama asingeacha somo lolote, Januari ingewabana. Posho hulipwa mwezi ukishaisha, na hailipwi siku ambazo hakuna masomo. Muhula ukiisha katikati ya Desemba, kinachoingia mwanzoni mwa Januari ni cha nusu mwezi. Masomo yakianza tena katikati ya Januari, Februari nayo inapokea nusu. Jeshini mshahara ulikuwa unaingia tarehe moja na tarehe kumi na tano, mvua inyeshe jua liwake, na nyumba yenu imejengwa juu ya mazoea hayo. Itabidi kila mwezi wa masomo mtoe kitu mkiweke kwa ajili ya Desemba, Januari na kiangazi. Tena kila mwisho wa mwezi VA humtumia ujumbe kwenye simu athibitishe kwamba bado anasoma. Miezi miwili mfululizo bila kujibu, posho inasimama. Na kama atafikiria kuhamia masomo ya mtandaoni yote ili asikutane na watu, mwambie posho inashuka hadi nusu ya wastani wa taifa. Somo moja tu la kukaa darasani linairudisha ile ya mji wenu.

Haya, tumtazame Baba Neema mwenyewe.

Nimefanya kazi kwenye ofisi za kushauri wanafunzi huku Marekani kwa muda mrefu, na wanafunzi waliotoka jeshini nimewaona wengi. Huyu unayemweleza hana kasoro ya akili wala ya juhudi. Anayefika mapema, anayemaliza kazi kabla ya siku, anayepanga daftari kwa rangi, huyo maprofesa wanamtamani. Anachokosa ni kile ambacho jeshi lilimpa bila yeye kukiomba. Jeshini kulikuwa na mtu wa juu yake aliyejua amelala wapi, na mtu wa chini yake aliyemtegemea. Akichelewa dakika tano simu inalia. Chuoni anaweza kutoweka wiki tatu na asiulizwe na mtu. Alitoka darasani Oktoba, na ulivyoniandikia hakuna hata mmoja aliyemtafuta. Kwa mtu wa kawaida huo ni uhuru. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba hakuna anayeachwa nyuma, ni kuachwa.

Ongeza na ugeni. Jeshini, Mwafrika mwenye lafudhi yake ni sajenti kwanza, na mara nyingi kikosi kina Mkenya, Mghana, Mnigeria wa kula naye ugali Jumamosi. Sasa amevuliwa cheo na wenzake kwa mpigo mmoja. Shemeji yako anasema tatizo ni umri. Mimi nasema ni upweke, na upweke hautibiwi kwa kumpangia mtu ratiba.

Kwa hiyo, binti yangu, acha kumwamsha na kumkagulia kazi zake kwenye simu. Najua unafanya kwa upendo na kwa hofu. Lakini kwake wewe ndiye mtu pekee duniani ambaye hakuwa amri wala ripoti, na akikupoteza kwa hilo atabaki na gari lile tu. Mwulize jambo moja kila siku ambalo halina alama: leo umekula na nani? Jibu likiwa "peke yangu" mara nyingi mno, hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Vyuo vingi vya serikali Texas vina chumba cha maveterani. Si kitu kikubwa, makochi, mashine ya kahawa, kompyuta mbili tatu, na watu wa miaka 28 hadi 45 wanaolalamikia kazi za vikundi kwa maneno yale yale ya mume wako. Kuna pia matawi ya Student Veterans of America, chama kilichoanza mwaka 2008. Atakwambia hana haja ya kulia lia na watu. Usibishane. Mwombe aende kwa ajili ya deni: "Nenda ukawaulize kama kuna aliyewahi kupata barua kama hii." Yupo. Na akishakaa pale nusu saa akieleza barua ya VA, ameshafahamiana na mtu bila kuombwa afungue moyo. Mwanamume wa namna yake huingia kwenye urafiki kupitia kazi.

Kuhusu yule kijana na swali lake. Lilikuwa swali la kikatili, hata kama mwulizaji hakujua. Mume wako hadaiwi jibu na mtu yeyote darasani. Ila ni vizuri awe na sentensi yake tayari mfukoni, ili siku nyingine asilazimike kuchagua kati ya kulipuka na kukimbia. Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa anasema, "Hilo si swali la kumwuliza mtu usiyemjua," kisha anarudi kwenye kazi iliyo mezani. Sauti ya chini, basi. Na nikiwa mwalimu nasema hivi: profesa angeambiwa, angeweza kumbadilishia kikundi. Kumfuata profesa ofisini katika saa zake za kupokea wanafunzi si kushitaki wala si kulia. Wamarekani wamezitenga saa hizo kwa kazi hiyo, na wengi wao hukaa humo bila kutembelewa na mtu.

Insha vilevile. Jeshi lilimfundisha kuandika ripoti: nini, wapi, saa ngapi, bila maoni. Profesa anataka maoni yenye hoja. Hiyo ni kazi mpya anayoweza kuifunzwa, na kila chuo kina kituo cha kusaidia uandishi ambacho ameshalipiwa. Apeleke insha ile ile ya C, na waanze na swali alilokuuliza wewe. Mtu aliyeuliza "nani kaniuliza nafikiri nini" ana mengi ya kusema.

Hesabu zinahitaji uvumilivu zaidi. Kutoka kidato cha nne hadi kalkulasi kuna ngazi ambazo hajazipanda, na kuzirukia ni kumwonea. Ningemshauri azifanye hesabu za awali kwenye chuo cha jamii kilicho karibu, ambako madarasa ni madogo na wanafunzi wengi ni watu wazima wenye kazi na watoto. GI Bill inalipa huko pia. Kabla ya kujisajili, mshauri wake wa chuo kikuu athibitishe kwa maandishi kwamba krediti zitapokelewa. Msisitizo wangu kwenye maandishi una sababu: ana miezi 36 ya GI Bill, ambayo ni miaka minne ya masomo ya miezi tisa tisa, na kila somo lisilohesabiwa linakula humo. Kwa sababu hiyo hiyo aulize kama chuo kimepokea JST yake, ile transkripti ya jeshi inayoonesha mafunzo yote aliyopitia. Yasiwe mengi watakayomkubalia, lakini hata krediti chache ni somo moja asilolazimika kulilipia kwa muda wake.

Masikio nimeyaacha mpaka hapa ingawa ni jambo la maana sana. Mlio wa masikio ndio unaoongoza katika ulemavu wote ambao VA inawalipa waliotoka jeshini. Mtu aliyeendesha malori ya jeshi miaka tisa hana cha kuona aibu. Kama hajafungua dai VA, aende kwa afisa wa maveterani wa kaunti yenu, atamsaidia kujaza bila kumtoza hata senti. Asiende kwa hawa wanaojitangaza mtandaoni wakitaka asilimia ya malipo yake. Dai likikubaliwa, kuna mpango mwingine wa VA wa kuwarudisha kazini wenye ulemavu wa jeshini, na mpango huo unaweza kulipia masomo. Azungumze nao mapema.

Chuoni napo sheria ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu inamlinda. Ofisi inayohusika inaweza kumpa kiti cha mbele upande wa sikio zima, maandishi ya mhadhara, na chumba kimya cha kufanyia mtihani. Maprofesa hawaambiwi ana nini, wanaambiwa tu afanyiwe nini. Akikwambia tena yeye si mlemavu, mkumbushe kwamba ndani ya lori la jeshi alivaa vizibo vya masikio na hakuna aliyemcheka.

Mama mkwe. Hili ni la mume wako kulisema, wala si lako, na ataje tarehe: mpaka mwezi fulani hatutumi chochote cha paa. Mama wa Kilimanjaro aliyesomesha watoto kwa kahawa na ndizi anaelewa mwana anayesoma. Asichoelewa ni kimya na visingizio vya kila Jumapili. Shemeji naye aambiwe kwamba GI Bill haiwezi kuhamishiwa kwa Neema sasa. Kumpa mtoto huombwa mtu akiwa bado jeshini, na kwa kukubali miaka zaidi ya utumishi. Mlango huo ulifungwa 2024. Lakini Texas ina sheria yake, Hazlewood, inayomsamehe veterani ada ya vyuo vya umma vya jimbo hadi krediti 150, na krediti asizozitumia anaweza kumwachia mtoto. Alijiunga akitokea Dallas, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa anastahili. Basi kitu cha Neema kipo, na baba hahitaji kuacha chuo ili akipate.

Mwaka 1944 Marekani ilipopitisha GI Bill ya kwanza, wakuu wa vyuo vyenye majina walihofia kwamba askari watashusha elimu. James Conant wa Harvard alikuwa mmoja wao. Miaka michache baadaye, mwaka 1947, karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo walikuwa askari wa zamani, na Conant huyo huyo akakiri kwamba hajapata kuona wanafunzi waliokomaa kama wao. Wazee wetu wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopigana Burma vita hiyo hiyo hawakufunguliwa mlango wa namna hiyo waliporudi Kenya na Tanganyika. Mwambie Baba Neema habari hizo akiwa ametulia. Mtu wa miaka 36 darasani hajaanza na yeye.

Na lori? Sina neno baya kwa lori. Ni kazi ya heshima, imejenga nyumba nyingi Moshi na Eldoret. Ila angalia anakimbilia wapi: barabara ndefu, peke yake, siku kumi hayupo nyumbani, akili yake ikiwa katika hali uliyonieleza. Sitaki aamue hilo mwezi huu. Amalize muhula huu na krediti saba au tisa anazozimudu, apate wiki kadhaa za Vet Center, deni lijulikane ni kiasi gani hasa. Kwa kuwa alitoka baada ya tarehe 1 Januari 2013, GI Bill yake haina tarehe ya kwisha. Akichagua lori Juni, chuo kitakuwa kinamsubiri, na hata shule ya leseni ya malori inaweza kulipiwa na GI Bill hiyo hiyo ikiwa imeidhinishwa. Akiamua hivyo akiwa amelala usingizi na amekula na watu, nitamuunga mkono.

Niandikie baada ya kukaa naye, hata mistari miwili. Na ile barua ya deni, nitumie picha ya ukurasa wa kwanza ukiwa umefunika jina na namba zake, nikuoneshe pa kuanzia kujibu.

Mwalimu